Jumbe za Mama Zinasomwa Wapi?

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya walimu wa biolojia, wanafunzi wao wa kidato cha tano na cha sita, na wazazi wachache waliojinyima Jumamosi yao. Wengi ambao hawakufika wameomba wayapate, basi nayaweka yote hapa. Picha nimeziacha, penye picha nimeeleza kwa maneno.

Mwenyekiti wa mkutano, walimu wangu, shikamooni. Wazazi, karibuni sana. Wanafunzi, hamjambo?

Nianze kwa kuwauliza nyinyi wanafunzi. Karibu kila seli ya mwili wako ina DNA ile ile. Seli ya jicho inabeba maelekezo ya kutengeneza ini, na seli ya ini inabeba maelekezo ya kutengeneza jicho. Sasa nani aliiambia ile ya jicho iwe jicho?

Najua jibu mlilofundishwa, na si baya: jeni fulani zimewashwa, nyingine zimezimwa. Haya, nani aliyeziwasha? Mtaniambia ni protini. Protini hiyo imetoka wapi? Kwenye jeni nyingine. Na hiyo jeni nyingine iliwashwa na nani? Mnaona tunavyorudishwa nyuma? Tunarudi, tunarudi, mpaka tunafika kwenye seli moja tu, yai lililorutubishwa. Tukifika hapo tunakuta jambo la ajabu: jeni zake karibu zote zimelala. Hakuna kinachonukuliwa, yaani hakuna jeni inayotolewa nakala ya RNA. Hata hivyo yai linagawanyika, na kwa wanyama wengi seli mbili za mwanzo tayari hazifanani. Moja imeshashika njia yake, ya pili imeshika nyingine. Kwa amri ya nani?

Leo nataka tukubaliane jambo moja. Mwanzoni kabisa mwa maisha, swali la maana si jeni gani imewashwa. Swali ni ujumbe gani unaruhusiwa kusomwa, na unasomwa wapi. Ujumbe huo ni RNA, nakala ya jeni ambayo seli huisoma ili itengeneze protini. Wanaoruhusu na wanaokataza ni protini zinazoshika RNA.

Walimu wenzangu, sote tunachora ubaoni mishale miwili. DNA, mshale, RNA, mshale, protini. Mtihani ukija, mwanafunzi anachora hivyo hivyo, anapata alama zake, anafunga daftari. Sina ugomvi na mishale hiyo, ila ule wa pili unaficha mengi mno. RNA ya ujumbe haitembei uchi ndani ya seli. Tangu inaponukuliwa hadi inapokatwakatwa, imeshikwa. Protini moja inaibeba kuipeleka mahali. Nyingine inaizuia ribosomu, ile mashine ya kusoma ujumbe, isiiguse. Nyingine inaurefusha mkia wake wa adenini ili isomwe zaidi. Nyingine inaviita vimeng'enya vije kuisaga. Kwa binadamu, protini za kazi hii zimehesabiwa zikafika kama 1,500, na jeni zetu zote za kutengeneza protini ni kama 20,000. Gawanyeni wenyewe: karibu jeni moja katika kila 13 ipo kwa ajili ya kushika RNA. Halafu sisi tunaichora kama mshale!

Sasa turudi kwenye yai. Mama anapolitengeneza yai, analijaza jumbe za RNA, maelfu ya aina mbalimbali, kisha unukuzi unasimama. Yeye kazi yake imekwisha. Fikirieni mama anayeondoka alfajiri kwenda safari ya mbali, akawaachia watoto maagizo: hiki kipikwe asubuhi, hiki kisiguswe mpaka jioni, na hiki ni cha mkubwa peke yake. Watoto wakiyafuata yote kwa mpigo, kila mmoja na kila agizo, jioni mama anakuta nyumba imeungua. Yai lina hatari hiyo hiyo. Limejaa maagizo, na mengi yanapingana.

Na kiinitete, yaani yai likishaanza kugawanyika, kinaishi kwa maagizo hayo kwa muda gani? Inategemea mnyama. Inzi wa matunda hukaa kama saa mbili hivi kabla ya jeni zake mwenyewe kuamka kwa wingi. Chura wa maabara hugawanyika mara 12, akafika seli kama 4,000, ndipo zinaamka. Binadamu huanza akiwa na seli 4 hadi 8, siku ya tatu hivi. Maana yake kila mmoja wetu humu ukumbini, mheshimiwa na asiye mheshimiwa, siku zake za kwanza duniani aliishi kwa jumbe za mama yake tu. Tena wasichana mlioko hapa, seli za mayai yenu zilianza kuumbwa mkiwa bado matumboni mwa mama zenu. Kwa hiyo seli ya yai lililokuja kuwa wewe ilianza kuumbwa mama yako alipokuwa bado tumboni mwa bibi yako. Nendeni mkamsalimie bibi leo.

Nani basi aliyetuonyesha haya? Hapa lazima niwatambulishe mnyoo.

Mwaka 1927, katika mji wa Germiston, Afrika Kusini, fundi viatu mmoja alipata mtoto wa kiume aliyeitwa Sydney Brenner. Mtoto huyo alikua, akasoma, akaenda Uingereza, na katika miaka ya 1960 akiwa Cambridge aliamua kwamba anataka mnyama mdogo kiasi kwamba kila seli yake iweze kuhesabiwa. Akamchagua mnyoo wa udongoni aitwaye Caenorhabditis elegans. Si mnyoo wa tumboni, msiogope. Ana urefu wa milimita moja, anakula bakteria, anatoka yai hadi utu uzima kwa siku tatu hivi, na mwili wake unapitisha mwanga. Ukimweka chini ya hadubini unaona ndani, seli kwa seli, akiwa hai.

Mwenzake Brenner, John Sulston, alifanya kazi ambayo mimi nikiifikiria shingo inaniuma. Alikaa kwenye hadubini akakitazama kiinitete cha mnyoo huyu kikigawanyika, akachora kwa mkono kila seli ilikotoka na ilikokwenda. Kila siku alikaa vipindi viwili vya saa nne nne, karibu mwaka mmoja na nusu. Mwaka 1983 yeye na wenzake walichapisha ukoo mzima wa kiinitete: seli 671 huzaliwa, 113 hufa kwa mpango, na mnyoo anaanguliwa akiwa na seli 558. Mnyoo mwingine? Ni vile vile. Mnyoo wa elfu moja? Vile vile. Seli ile ile, kwa dakika karibu ile ile, inakwenda mahali pale pale. Brenner na Sulston walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002, pamoja na Robert Horvitz.

Sasa niwaonyeshe mgawanyiko wa kwanza. Yai la mnyoo lina umbo la yai la kuku lililonyooshwa kidogo, urefu wake mikromita 50. Mayai 20 yakipangwa kichwa kwa mkia ndiyo yanatimiza milimita moja. Linagawanyika, lakini si nusu kwa nusu. Seli ya mbele ni kubwa, inaitwa AB. Ya nyuma ni ndogo, inaitwa P1. Uzao wa AB utatoa sehemu kubwa ya ngozi na neva. Uzao wa P1 utatoa utumbo, sehemu kubwa ya misuli, na seli za uzazi. Kuna seli moja katika uzao huo inaitwa E. Yeye na watoto wake wote ni utumbo: seli 20, basi. Nyingine inaitwa D, watoto wake 20 wote ni misuli. Hakuna anayekosea.

Kwa nini hakuna anayekosea? Njia nzuri ya kujua ni kutafuta wanaokosea. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa mnyoo huyu waliwatafuta kwa ujanja ambao wenye roho nyepesi mtanisamehe. Mnyoo huyu ni huntha, ana mayai na mbegu za kiume ndani ya mwili mmoja. Wakachukua minyoo ambao sehemu yao ya kutagia imeharibika. Mayai hayatoki. Yanaanguliwa ndani kwa ndani, na watoto wanamla mama yao akiwa hai.

Naona nyuso zinakunjamana! Subirini. Sasa chukua mama wa namna hiyo, mpe dawa inayoharibu jeni ovyo ovyo, kisha subiri vizazi vichache. Kwenye kisahani cha maabara kilichojaa mama walioliwa wakabaki ngozi, unamkuta mmoja yuko hai, ananenepa, amejaa mayai. Kwa nini hakuliwa? Kwa sababu watoto wake wote wamekufa kabla ya kuanguliwa. Huyo ndiye unayemtafuta. Jeni iliyoharibika ni ya mama, na imeviua viinitete. Hivyo ndivyo Kenneth Kemphues, James Priess na wenzao walivyozipata jeni za kwanza za aina hiyo, wakazitangaza mwaka 1988. Waliziita PAR.

Halafu wakaja wengine. Mwaka 1992, Craig Mello na wenzake katika maabara ya Priess walitazama ndani ya viinitete vilivyokufa. Je, walikuta uji? La. Hapa ndipo nataka mnisikilize kwa makini. Walikuta tishu nzuri, zilizotengenezwa vizuri, lakini mahali pasipo pake. Kiinitete kimoja kimejaa misuli kupita kiasi. Jeni hiyo ikaitwa mex, kifupi cha maneno hayo kwa Kiingereza. Kingine kina koromeo na utumbo kupita kiasi, jeni yake ikaitwa pie, kwa mtindo huo huo. Seli hazikufa kwa kukosa maarifa. Zilifanya vizuri kabisa kazi ya mwenzao.

(Mello huyu ndiye baadaye, mwaka 2006, alipewa Nobel pamoja na Andrew Fire kwa ugunduzi mwingine wa RNA, kwenye mnyoo huyu huyu. Mnyoo ameshawatajirisha watu heshima.)

Na hizo jeni za mex na pie zilipochunguzwa, zilikuwa zinatengeneza nini? Protini zinazoshika RNA. Moja baada ya nyingine. MEX-3 inashika RNA. MEX-5 inashika RNA, kwa vidole viwili vyenye madini ya zinki. POS-1 hivyo hivyo. PIE-1 ni ndugu yao wa karibu.

Chukueni MEX-3. Mama ameacha ujumbe unaoitwa pal-1. Ujumbe huu ukisomwa, unatoka protini ambayo huipa seli hatima ya misuli. Umewekwa wapi? Kote! Umo AB, umo P1, umetapakaa. Lakini upande wa mbele MEX-3 ni nyingi, na inaushika ujumbe huo kwenye kipande cha mwisho, kile kinachofuata baada ya sehemu inayotafsiriwa. Ukishikwa pale, hausomwi. Upande wa nyuma MEX-3 ni haba na inazuiwa na protini nyingine, kwa hiyo kiinitete kikifika seli nne, ujumbe unasomwa katika seli mbili za nyuma peke yake. Ukiiondoa MEX-3, mbele nako wanausoma. Uzao wa AB uliokuwa uwe ngozi na neva unakuwa misuli. Misuli, misuli, misuli, na hakuna mnyoo.

Kwa hiyo aliyeamua mahali pa misuli si ujumbe wenyewe. Ni yule anayeuzuia usisomwe.

Mwanafunzi mwenye akili ataniuliza: na MEX-3 nayo, nani aliipeleka mbele? Swali zuri. Ni kazi ya MEX-5, ambayo nayo hujaa mbele. Na MEX-5 nani aliipeleka? Hapa nitawachosha kidogo, kwa sababu jibu lake ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Mwanzo MEX-5 imetapakaa sawasawa ndani ya yai. Mbegu ya kiume inaingia. Upande ilikoingia ndio utakaokuwa nyuma, na huko ndiko inakojikusanya mojawapo ya zile protini za Kemphues, PAR-1. PAR-1 ni kimeng'enya. Kazi yake ni kubandika fosfati. Baada ya muda mfupi MEX-5 imejaa mbele na imepungua nyuma. Kila mtu alidhani kwamba kuna kitu kinaisukuma, au kinaivuta, au kinaisaga huko nyuma. Mwaka 2011 Erik Griffin, David Odde na Geraldine Seydoux walionyesha kwamba hakuna anayesukuma. Kinachobadilika ni mwendo tu.

Iko hivi. MEX-5 ikiwa imeshikamana na RNA inakuwa nzito, inatembea polepole. Ikifika nyuma, PAR-1 inaibandika fosfati, inaachia mzigo, inakwenda kasi. Kote ndani ya yai kuna kimeng'enya kingine kinachoibandua ile fosfati. Ikibanduliwa ikiwa mbele, hakuna PAR-1 ya kuibandika tena. Inashika RNA, inapunguza mwendo, inakaa. Nyuma inakimbia, mbele inakawia. Basi! Penye kukimbia hapakai kitu, penye kukawia panajaa. Hakuna gari, hakuna reli, hakuna mchukuzi. Tofauti ya mwendo peke yake imegawa yai kuwa mbele na nyuma, na ndani ya nafasi ya mikromita 50.

Nawaambia walimu: ukiwa na kipindi kimoja tu cha kueleza jinsi mwili unavyoanza kupata kichwa na mkia, eleza hiki. Usiseme “kuna ishara fulani.” Watoto wanastahili kujua jambo lenyewe.

Sasa tumwache mnyoo, tumtazame inzi. Simaanishi wale inzi wanaoharibu maembe shambani, wakulima wakilia. Namaanisha wale wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi iliyoiva kupita kiasi. Asili yao ni bara letu hili, ingawa sasa wanafugwa kwenye chupa za maabara dunia nzima.

Mama wa inzi naye anaacha jumbe, ila huyu anajitahidi kuzipanga. Ujumbe wa bicoid umefungwa upande wa kichwa. Ujumbe wa nanos umefungwa upande wa mkia, na hapo protini ya Nanos, ikisaidiana na Pumilio inayoshika RNA, inazuia ujumbe mwingine uitwao hunchback usisomwe. Ukizuiwa, tumbo linaweza kuumbika. Inzi asiye na nanos hana tumbo.

Unaweza kusema: basi huyu mambo yake ni rahisi, kila agizo limewekwa chumba chake. Sivyo! Elizabeth Gavis na wenzake walipoupima ujumbe wa nanos, walikuta kama asilimia 4 tu ndiyo iliyofungwa mkiani. Nne kwa mia! Ile 96 imezagaa yai zima. Kwa nini haiharibu kitu? Kwa sababu imeshikwa, na inazuiwa isisomwe. Protini mojawapo inayoishika inaitwa Smaug. Mkiani tu ndiko kizuizi kinakoondolewa.

Na ushahidi wake? Mwaka 1992 Gavis na Ruth Lehmann walifanya jaribio ambalo ukilisikia mara moja hulisahau. Walichukua ujumbe wa nanos, wakakata kile kipande chake cha mwisho, wakaubandika kipande cha mwisho cha bicoid. Maneno ya ndani hayakuguswa. Ni anwani tu iliyobadilishwa. Ujumbe ukaenda kichwani, ukasomwa kichwani. Wakapata nini? Kiinitete chenye matumbo mawili yaliyotazamana, mkia huku na mkia huku, kichwa hakuna.

Mwaka huo huo Anne Ephrussi na Lehmann walifanya la aina hiyo kwa ujumbe uitwao oskar, wakaupeleka mbele. Pale mbele zikaumbika seli za uzazi. Mbegu za kizazi kijacho, zimekaa mahali pa kichwa! Jiulizeni: DNA ilibadilika katika seli zile za mbele? Haikubadilika. Kilichobadilika ni mahali ujumbe mmoja wa mama uliposomewa.

Nimetaja seli za uzazi, na hapa ndipo ninapotaka kumalizia, kwa sababu hizi ni seli zenye deni kubwa kuliko zote. Seli ya ngozi ikikosea, unapata kovu. Seli ya uzazi ikikosea, ukoo umekwisha. Lazima ibaki na uwezo wa kuwa kila kitu, na papo hapo isiwe chochote kabla ya wakati. Inawezaje?

Kwa mnyoo, mlinzi wa kwanza ni PIE-1. Inakaa kwenye mstari wa P, ule utakaozaa seli za uzazi, na huko inauzuia unukuzi usianze. Wenzao wote wakianza kuamsha jeni zao kwenye hatua ya seli nne, P imelazwa. Ikiharibika PIE-1, P inaamka pamoja na wengine, inafuata njia ya jirani yake, inakuwa koromeo na utumbo. Mnyoo hapati seli za uzazi hata moja.

Lakini ulinzi hauishii utotoni. Mwaka 2006 Rafal Ciosk, Michael DePalma na James Priess waliwatazama minyoo wakubwa waliokosa protini mbili zinazoshika RNA: GLD-1, na ile MEX-3 tuliyokwishaifahamu. Tunazungumzia tezi ya uzazi ya mnyoo mzima. Hakuna urutubishaji uliotokea, hakuna kiinitete. Wakakuta ndani ya tezi ile kuna misuli. Kuna neva. Kuna seli za utumbo. Seli za uzazi zimeshindwa kungoja. Zimeyasoma maagizo yote kwa pamoja, zimegeuka mwili ndani ya mwili.

Daktari yeyote akisikia hayo atasema: hiyo ni teratoma, uvimbe wenye tishu za namna nyingi ndani yake. Naam, ni teratoma. Na hili halikomei kwa minyoo. Mwaka 1953, kule Bar Harbor nchini Marekani, Leroy Stevens alikuwa kwenye utafiti wa madhara ya sigara uliolipiwa na kampuni ya tumbaku. Akamwona panya dume mmoja wa ukoo uitwao 129, korodani imevimba. Alipoipasua alikuta tishu za kila namna zimechanganyika. Sigara haikuhusika. Katika ukoo ule, dume mmoja hivi kwa kila 100 alipatwa na hali hiyo. Baadaye likapatikana badiliko la kurithi lililofanya karibu madume wote waliolirithi kwa baba na kwa mama wapatwe. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua ni jeni gani, hadi mwaka 2005 ilipotambuliwa: ni jeni ya Dnd1. Protini yake kazi yake ni nini? Ukumbi mzima nijibuni.

Ndiyo. Inashika RNA.

Wazazi, hasa akina mama, mmesikia habari za uvimbe kwenye ovari ambao ukitolewa unakutwa na nywele, na pengine meno. Mitaani kwetu ukipatikana, minong'ono inaanza: amerogwa, ametupiwa kitu, kuna mtu hamtaki. Binti anatoka hospitali akiwa mzima, akifika nyumbani anakuta ameshapewa adui. Uvimbe huo ni teratoma. Kwa kawaida unaanzia kwenye seli ya yai iliyoanza kujigawa bila kurutubishwa. Nywele zile ni zake na meno ni yake, yametengenezwa kwa jeni zake mwenyewe. Mara nyingi sana si saratani. Daktari anautoa kwa upasuaji, mambo yanaisha. Nawaomba mkilisikia jambo hilo kwa jirani mlieleze hivyo, maana ndoa zimevunjika kwa nywele hizo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nitaje moja tu, kwa ajili ya wale wa kidato cha sita wanaofikiria kusoma udaktari au maabara.

Mwaka 2007, maabara ya James Thomson kule Wisconsin ilichukua seli za mwili wa binadamu, zilizokwisha kuamua hatima yao, ikazirudisha zikawa kama seli za kiinitete kichanga, zenye uwezo wa kuwa karibu chochote. Walitumia jeni nne: OCT4, SOX2, NANOG na LIN28. Tatu za kwanza protini zake hushika DNA. Hizo ndizo mnazozikuta vitabuni. Ya nne inashika RNA, na kazi yake mojawapo ni kuzuia RNA ndogo iitwayo let-7 isikomae, kwa sababu let-7 ikikomaa inaisukuma seli kuelekea utu uzima. Na LIN28 iligunduliwa wapi mara ya kwanza? Kwa mnyoo yule yule wa milimita moja. Victor Ambros na Horvitz walieleza mwaka 1984 jinsi minyoo walioikosa walivyoruka hatua ya ujana, seli zao zikafanya kazi za ukubwani kabla ya wakati wake.

Mwaka 2024 Ambros naye akapewa Nobel, kwa kazi iliyotokana na minyoo wa namna hiyo.

Haya, nyoosheni mikono. Tuanze na wanafunzi, walimu mtusubiri.